Kundi letu la kusoma vitabu limegeuka kijiwe. Tuachane na vitabu tubaki marafiki?

Kurasa Zilizokunjwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, na wenye kejeli pia mnakaribishwa.

Ninaratibu kundi la kusoma vitabu, tunakutana mara moja kwa mwezi. Tulianza hatujuani kabisa, kilichotukutanisha ni kupenda riwaya tu. Leo hao ndio ninaowapigia simu usiku nikibanwa na jambo. Tumefiwa pamoja, tumeuguzana, na wawili wetu walijuana humo humo wakaoana.

Shida ni kwamba vitabu havisomwi tena. Kikao kilichopita mwenye zamu aliuliza swali la kwanza kuhusu mhusika mkuu, kimya. Mmoja akasema, "Mimi niliishia sura ya pili," watu wakacheka, na mara tukawa tunamjadili bosi wa mwenzetu. Kuna mgeni alijiunga karibuni. Alikuja na kitabu kimejaa vikaratasi vya alama, pembeni kote ameandika kwa penseli. Alikaa nacho mapajani mpaka tunaagana, hakukifungua. Baadaye kaniandikia kwamba anafikiria kujitoa.

Wakongwe wanasema vitabu vimeshafanya kazi yake, tuache unafiki. Nikikaza masharti nitawaudhi watu ninaowapenda. Nikilegeza, sioni kundi tena. Nifanyeje?

Mzee wa Dibaji

Mkuu, wewe una tatizo ambalo wengine tunaliombea dua. Ukishakuwa mtu mzima, kupata marafiki wapya ni kazi ngumu kuliko kumaliza riwaya yoyote. Waache wapige soga. Huyo mgeni atafute kundi la wasomi.

Bi Penseli

Mzee, hapo napinga. Huyo mgeni nimewahi kuwa mimi. Unaingia mahali watu wana utani wao, wanataja visa vya zamani, wanacheka, na wewe unatabasamu tu kama mtu aliyekosa basi. Kitabu ndicho kitu pekee ambacho mkongwe na mgeni wanakianza wote ukurasa wa kwanza. Mkikiondoa, mtabaki ninyi kwa ninyi, na siku mmoja akihama na mwingine akibanwa na kazi, hakuna wa kujaza nafasi.

Halafu tuseme ukweli, hizo siri mnazoambiana zilianzia wapi? Mtu hawezi kufika tu akasema, "Baba yangu hakunipenda." Ila atasema, "Huyu baba wa kwenye riwaya ananikera," na wenye masikio watasikia.

Hesabu Kidogo

Niongeze namba. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018 kuhusu muda unaohitajika watu wawe marafiki. Alikadiria saa 50 hivi kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Kikao cha saa 2 kila mwezi ni saa 24 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, saa 200 ni zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo mkuu, urafiki wenu haukuiva kikaoni peke yake, umeivia kwenye simu, misiba na kusindikizana nyumbani. Mkirudisha kitabu kikaoni, hayo hayaendi popote. Na huyo mgeni asindikizwe naye.

Msomaji Mvivu

Mimi ni wale wa sura ya pili, nijitetee. Mara nyingi hatuachi kwa dharau. Kitabu ni kirefu mno, tena kimechaguliwa na mtu yule yule kila mara. Wekeni zamu ya kuchagua, na mwezi wenye mambo mengi chukueni hadithi fupi muisome kwa sauti pale pale, kila mtu aya yake. Hakuna wa kusema hajasoma. Kwetu ilisaidia, ingawa kuna mmoja anasoma kama anatangaza mpira.

Ambaye hajamaliza aje tu, ila asizuie wenzake kutaja mwisho.

Chumvi ya Kale

Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, na wenzake walianzisha kundi lao la mijadala, Junto, huko Philadelphia mwaka 1727. Walikuwa na orodha ya maswali ya kusomwa kikaoni, na kati ya swali na swali waliacha nafasi ya mtu kujimiminia glasi ya divai akanywa. Utaratibu upo, na starehe ipo ndani yake. Mwaka 1731 likazaa maktaba ya kuchangishana. Sioni kwa nini mkuu anadhani lazima achague kimoja.

Mzee wa Dibaji

Hiyo ya divai imenibadilisha kidogo. Kidogo tu.

Kurasa Zilizokunjwa

Asanteni wakuu. Bi Penseli, nimemtumia mgeni ujumbe: kikao kijacho yeye ndiye anayeongoza, na achague hadithi fupi anayoitaka. Saa ya kwanza ni kitabu, simu mfukoni, baada ya hapo bosi wa mwenzetu asemwe mpaka usiku. Wakongwe wawili wamenuna, mmoja ameshauliza hadithi ina kurasa ngapi. Mgeni kajibu kwa swali: anaruhusiwa kuchagua yenye mwisho wa kuhuzunisha? Nimemwambia achague.

Msomaji Mvivu

Kurasa ngapi lakini?