Wifi anakuja na familia Agosti: Zanzibar, Diani au Serengeti? Tulinganishe viza, bima na ada za hifadhi

Mama Zawadi, Dortmund

Habarini wakubwa kwa wadogo. Wifi yangu ni Mjerumani. Anakuja Agosti na mumewe na watoto wawili, mmoja ana miaka 14 na mwingine 9. Hawajawahi kufika Afrika Mashariki na kazi ya kuwapangia nimeachiwa mimi. Ndege na hoteli nitatafuta mwenyewe. Kinachonisumbua ni pesa za pembeni: viza, bima ya lazima, ada za getini, kodi za hotelini. Kila wakala ana jumla yake, na wengine hawazitaji mpaka umeshalipa arubuni.

Tumebaki na njia tatu. Kwanza, Zanzibar peke yake kwa siku kumi. Pili, Diani, kisha Maasai Mara siku mbili. Tatu, Serengeti siku mbili kwa gari kutoka Arusha, halafu Zanzibar.

Nyinyi mlio kwenye kazi hizi, naomba hesabu ya familia nzima, si ya kichwa kimoja. Wifi akishapewa jumla, hataki kusikia nyongeza.

Paje_Mapokezi

Karibu Mama Zawadi. Niko mapokezi ya hoteli huku kusini mwa Unguja, na maswali haya nayajibu kila siku.

Viza ni ya Tanzania nzima, Zanzibar haina ya kwake. Mjerumani analipa dola 50 kwa kila pasipoti, na mtoto vilevile. (Mmarekani ndiye anayelipa 100, kwa sababu yake ni ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka.) Waombe mapema kwenye visa.immigration.go.tz ili wasikae foleni uwanjani baada ya safari ya usiku kucha na watoto.

Bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mtu mzima dola 44, mtoto wa miaka 3 hadi 17 dola 22, chini ya hapo halipi. Inadumu siku 92. Bima waliyokata Ujerumani haiwaondolei hii, hata ikiwa kubwa kuliko yetu. Inakatwa kupitia visitzanzibar.go.tz.

Kwa hiyo familia yako: viza 200, bima 132, jumla dola 332. Juu ya hapo kuna kodi ya miundombinu hotelini, dola chache kwa kila mtu kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Muulize mwenye hoteli waziwazi kama imo kwenye bei au wataidai siku ya kuondoka. Hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi pale kaunta, kuliko hata bima.

Mwana wa Diani

Mama Zawadi, kwetu Kenya viza iliondolewa Januari 2024, ikawekwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile watu wanayoiita eTA. Ni dola 30 kwa kila mtu pamoja na makato madogo ya kadi. Watoto pia lazima wawe nayo. Wanne ni dola 120. Hakuna bima ya kulazimishwa mlangoni. Kwa hiyo kwa kuingia tu, Diani inawaachia dola 212 mfukoni ukilinganisha na Zanzibar.

Lakini eTA hailipwi ukifika. Shirika la ndege litawazuia huko huko Frankfurt kama hawana. Waombe kwenye etakenya.go.ke na si kwingine. Kuna kurasa nyingi zinazofanana na ile ya serikali, zinatoza mara mbili na zinachukua namba za pasipoti za watu.

Sasa Mara. Sitakupamba. Kaunti ya Narok, inayosimamia Mara, inatoza mgeni wa nje dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Mtoto wa miaka 9 hadi 17 ni dola 50. Huyo wa miaka 9 angekuwa na 8 angeingia bure, lakini ndiyo hivyo. Siku moja ni 500, siku mbili ni 1,000. Na tiketi ni ya saa kumi na mbili, asubuhi hadi jioni. Waliolala kambi za ndani wanatakiwa wawe wametoka kabla ya saa 4 asubuhi siku ya kuondoka, la sivyo ni siku nyingine inalipwa.

Jumla ya njia ya pili: dola 1,120.

Dereva_wa_Kaskazini

Nimeona watu wakisoma hiyo 200 ya Mara wanakimbilia kwetu wakidhani Serengeti ni nusu bei. Naomba niiweke hesabu yote, kwa sababu mawakala wa Ulaya huonyesha ada ya Serengeti tu na kunyamazia njia ya kufika huko.

Serengeti msimu huo ni dola 70 mtu mzima na 20 mtoto wa miaka 5 hadi 15. Weka VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18: mkubwa 82.60, mtoto 23.60. Familia yako kwa saa 24 ni 212.40, siku mbili 424.80. Hapo kweli ni chini ya nusu ya Mara.

Lakini kutoka Arusha kwa gari lazima upite Hifadhi ya Ngorongoro, na Ngorongoro ni mamlaka nyingine yenye ada yake. Mkubwa 60, mtoto 20, na VAT juu yake. Familia ni 188.80 kwenda, na 188.80 nyingine kurudi. Tayari mko 802.40 na hamjaona kreta, yaani lile bonde la wanyama lililo ndani ya shimo la volkano, mmepita tu ukingoni na kupiga picha. Mkitaka kushuka chini, gari linalipiwa dola 250 na VAT, yaani 295. Ukiamua hivyo, fanya siku ya kurudi, maana kibali kile kile cha kupita ndicho kitakachowafaa kreta, hamtalipa siku ya ziada. Jumla ya mageti inakuwa 1,097.40.

Ongeza viza na bima za Zanzibar, njia ya tatu inafika 1,429.40. Mkiiacha kreta inabaki 1,134.40, karibu sawasawa kabisa na Diani na Mara.

Na kuna jambo la saa. Kibali cha Serengeti kinahesabiwa tangu mnapogongewa muhuri pale Naabi, geti la kuingilia Serengeti. Mkiingia saa 7 mchana, siku mbili zinaisha saa 7 mchana kesho kutwa. Dereva mwenye uzoefu anaiandika saa hiyo kwenye dashibodi. Tairi likipasuka karibu na geti mkapitisha muda, mnalipa siku nzima. Mlale Karatu usiku wa kwanza, muingie Ngorongoro alfajiri, mfike Naabi wakati mzuri. Hoteli za ndani ya hifadhi nazo zina tozo ya usiku kwa kila kichwa, hakikisha imo kwenye bei ya chumba.

Jambo la mwisho, na hili nalisema ingawa mimi nakula kwa Serengeti. Agosti nyumbu wako kaskazini, Kogatende na ng'ambo Mara. Siku mbili za gari kutoka Arusha zinawafikisha Seronera, katikati ya Serengeti. Wataona simba, chui, tembo, na ni kuzuri sana. Lakini kama wifi ameahidiwa nyumbu wakivuka Mto Mara, hatawaona. Mwambie mapema.

Mama Zawadi, Dortmund

Mwenyezi Mungu awabariki. Hiyo ya Ngorongoro kulipwa mara mbili hakuna hata wakala mmoja aliyenitajia. Ndugu Dereva, na kuruka kwa ndege ndogo hadi Seronera?

Dereva_wa_Kaskazini

Hapo Ngorongoro mnaikwepa kabisa, mnabaki na 424.80. Ila tiketi nne za ndege ndogo kwenda na kurudi zitameza akiba hiyo na zaidi. Ndege inafaa kwa wawili, kwa wanne gari lina maana.

Babu Sefu, Muscat

Amani kwenu nyote. Mimi ni mtu wa Unguja, nimeishi huku miaka mingi na kila mwaka nawaleta rafiki wa wanangu nyumbani. Bima hii ya 44 inaniuma, na nataka niseme kwa nini.

Sipingi mgeni kuwa na bima. Mgeni asiye na bima ni balaa kwake na kwa mwenyeji. Ninachopinga ni kukataa ile aliyonayo. Mjerumani wa kawaida ana bima ya matibabu ya nje anayoilipia euro chache kwa mwaka mzima, inayomlipia hospitali na hata ndege ya kumrudisha. Angeruhusiwa kuonyesha hati yake, apite. Badala yake analipa mara mbili kwa hatari ile ile, na anayekuja siku tatu analipa sawa na anayekuja miezi mitatu. Mtu wa siku tatu ni karibu dola 15 kwa siku. Wa siku 92 ni chini ya nusu dola. Wanaoumia ni wale wa mapumziko mafupi kutoka Nairobi, Dubai na Muscat, ambao wangeweza kuja mara tatu kwa mwaka.

Na Mama Zawadi, njia yako ya tatu inaingilia Bara. Hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ilipendekeza bima kama hiyo hiyo, dola 44, kwa wageni wa Tanzania Bara, isipokuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika). Wiki mtakayoomba viza, tazama ukurasa wa Uhamiaji kabla hujalipa chochote kingine.

Paje_Mapokezi

Babu, shikamoo. Kuhusu bei kuwa moja kwa siku tatu na kwa miezi mitatu, nakubaliana nawe, ingewekwa kwa madaraja. Kuhusu bima ya nyumbani naomba nikupinge kwa adabu.

Mgeni anaanguka na pikipiki ya kukodi barabara ya Jambiani, mguu umevunjika, usiku. Bima yake ya Ulaya inasema alipe kwanza, atunze risiti, atarudishiwa akifika kwao. Kadi ya benki ina kikomo. Hospitali binafsi inataka amana. Nimeshuhudia wafanyakazi wa hoteli wakichangishana pesa ili mgeni apokewe. Bima ya hapa ina ofisi hapa, na ni ya watu tunaoweza kuwagongea mlango. Inagusa matibabu ya dharura, kumsafirisha mgonjwa, kurudisha maiti, mizigo na hati zilizopotea. Mama Zawadi, wifi achapishe hati yake na ahifadhi namba ya dharura iliyoandikwa juu yake kwenye simu za wote wawili. Akiumia apige simu kwanza, kabla hajachagua hospitali.

Babu Sefu, Muscat

Marahaba mwanangu. Kama mambo yanakwenda hivyo, wayatangaze hivyo. Uwanjani mgeni anaambiwa tu "lipa", hakuna anayemweleza amenunua nini.

Dereva_wa_Kaskazini

Niongeze kwa wote: bima ya Zanzibar ni ya Zanzibar. Huku porini mgonjwa wa hali mbaya hubebwa na ndege ya AMREF Flying Doctors kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na wana mpango wa watalii unaokatwa mapema kwa bei ndogo. Kampuni nyingi makini humkatia mgeni ndani ya bei ya safari. Muulize wakala kama umo. Kwa wapanda Kilimanjaro kuna ada ya uokoaji ya dola 20 kwa kila safari, lakini hiyo ni ya kumshusha mtu mlimani, haimlipii hospitali.

Mama Zawadi, Dortmund

Mume wa wifi sasa anauliza: je, waanzie Diani kisha wavuke Zanzibar? Amesikia kuna viza moja ya Afrika Mashariki ya dola 100.

Mwana wa Diani

Ile viza ya dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, kwa hiyo kwa kuingia Zanzibar haiwasaidii. Watalipa eTA 120 na kisha 332 za Zanzibar, jumla 452. Na wakitokea Kenya wataulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Wakija Zanzibar moja kwa moja kutoka Frankfurt hawaulizwi. Chanjo nne Ujerumani si bei ndogo, na lazima ichomwe siku kumi kabla ya kuvuka. Kwa safari ya kwanza na watoto, wachague upande mmoja.

Mluguru

Mbona hakuna aliyetaja Hifadhi ya Mikumi, karibu na Morogoro? Mtu mzima ni dola 30, na VAT ni 35.40, na mtoto ni chini ya hapo. Wanakaa Zanzibar, wanavuka kwa boti hadi Dar, wanapanda treni ya kisasa ya umeme (SGR) mpaka Morogoro, gari linawapokea pale. Twiga, tembo, nyati na simba wako. Si Serengeti, sisemi hivyo. Lakini mtoto wa miaka 9 anayeona tembo kwa mara ya kwanza haulizi jina la hifadhi. Kwa ada za siku mbili za Mara mnalipia Mikumi na kubaki na mamia.

Mama Zawadi, Dortmund

Hii nimeipenda. Nimempigia wifi sasa hivi nikamsomea jumla zote. Zanzibar pekee 332, Diani na Mara 1,120, Serengeti 1,134 bila kreta. Mumewe alikuwa ameng'ang'ania Mara, lakini alipoona Zanzibar na Mikumi akatulia. Mluguru, kibali cha Mikumi kinalipwaje, na wakivuka Dar kisha kurudi Unguja bima watalipa tena?

Paje_Mapokezi

Bima hapana, siku 92 zinahesabiwa tangu kuingia mara ya kwanza. Wabebe hati, bandarini Malindi wataulizwa. Boti kwa mgeni wa nje daraja la kawaida ni dola 35 kwa mtu mzima, kila upande, liweke hilo kwenye bajeti.

Mluguru

Getini hawapokei noti. Ni kadi, au wakala analipa mapema kwa namba ya malipo ya serikali. Njoo pembeni uniandikie tarehe, nikuunganishe na madereva wawili tofauti wa Morogoro ulinganishe bei zao. Na wakupe hesabu ya maandishi yenye ada ya geti kwenye mstari wake, si ndani ya jumla.