Gini ya wavuvi wa Lamu imetoka ndogo mno, kosa liko wapi?

Mkomani_98
Salaam wakuu. Natayarisha pendekezo la uzamifu (PhD) kuhusu nani anafaidi uvuvi wa Lamu. Hojaji ya majaribio ilikuwa na mabaharia 40, Lamu mjini na Kizingitini. Gini (kipimo cha tofauti ya mapato: 0 ni usawa kamili, 1 ni mmoja kuchukua yote) imetoka 0.04. Nimekosea hesabu ama sampuli?

Tanga_Tatu
Sampuli. Chukua mfano wa kubuni: mashua imeuza samaki wa 20,000. Toa mafuta, barafu na chakula 5,000, zabaki 15,000. Fungu la chombo 5,000, watu watano wagawane 10,000, kila mmoja 2,000. Ukihoji hao watano tu, Gini ni sifuri, utaandika baharini kuna usawa! Muingize mwenye chombo, inapanda hadi 0.17. Sasa ikiwa mashua tatu za namna hiyo ni za tajiri mmoja, yeye ana 15,000 na mabaharia 15 wana 2,000 kila mmoja: 0.27. Samaki ni wale wale, mgao ni ule ule, umejua tu chombo ni cha nani.

Kwa hivyo anzia kwa vyombo. Omba BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) orodha, lakini jina lililoandikwa saa nyingine ni la nahodha tu. Uliza fungu la chombo hupelekwa kwa nani, umfuate hata kama yuko Mombasa.

BintiPate
Na deni je? Tajiri hutoa nyavu au mashine kwa mkopo, mvuvi akafungika kumuuzia yeye. Ukiuliza "unalipa riba?" utaambiwa la, riba ni haramu. Gharama imejificha kwenye bei. Uliza bei mbili za samaki wa aina moja, siku moja: ya tajiri wake, na ya mnunuzi asiyemdai. Kilo ikienda 220 badala ya 300, hizo 80 ndizo unazozitafuta. Na urudie kusi na kaskazi. Bahari ikichafuka vyombo vidogo hulala.

Mzee_wa_Takwimu
Gini yapima mapato ya leo tu. Uchumi wa kisiasa wauliza mali ilipatikanaje, na Pwani huwezi kuiruka sheria ya hati za ardhi ya 1908: ardhi isiyodaiwa na kuthibitishwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Soma pia hukumu ya Mahakama Kuu ya 2018 kuhusu bandari ya Lamu, iliyoagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia ihesabiwe kwa kichwa au kwa chombo? Hapo pana uzamifu mzima.

Vibali: kamati ya maadili ya chuo kwanza, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha uripoti kaunti. Wale 40, kama walihojiwa kabla ya vibali hivyo, usiwatie kwenye takwimu za mwisho.

Mkomani_98
Shukran. Na mwenye chombo akikataa kutaja mapato?

Tanga_Tatu
Usimuulize mapato. Muulize nahodha safari ngapi kwa mwezi na fungu la chombo kila safari, uzidishe mwenyewe.