Tupeane uzoefu: nani amewahi kubadili gripu (mpira wa kushikia fimbo) au shafti (mti wa fimbo) za gofu mwenyewe nyumbani?

Bogi Kila Shimo: Wakuu, gripu zangu zilikuwa ngumu kama kwato nikasema sipeleki kwa fundi, nimenunua mpya 8 najifanyia mwenyewe. Kuzichana rahisi, kazi ni ile tepu ya chini, nimeibandua lisaa zima kucha zimeisha. Nikafunga tepu mpya ya pande mbili nikamimina mafuta ya taa maana ndiyo yaliyokuwepo ndani. Leo asubuhi gripu ya aini 7 (fimbo ya kichwa cha chuma) inazunguka mkononi, navuta moto tu kama niko kwenye boda. Nani mwingine yamemkuta?

Kedi Mstaafu: Mafuta ya taa yanabaki na utelezi mdogo wangu, hayo hayakauki leo wala kesho. Nenda duka la rangi nunua waiti spiriti, ile ya kuyeyushia rangi. Ziba kale katundu ka juu ya gripu kwa tii (kijiti cha kuwekea mpira), mimina ndani ya gripu, tikisa, yanayobaki mwagia juu ya tepu, halafu sukuma mara moja mpaka mwisho. Ukisita katikati imeganda hapohapo.

Mzee wa Pata: Petroli tu. Miaka yote petroli.

Kedi Mstaafu: Ndiyo maana huna nyusi.

Mzee wa Pata: Nyusi zangu zimeingiaje hapa? Handikapu 28, mchezo wenyewe hujui, unafundisha watu.

Swingi ya Sinza: Mi napeleka kwa fundi pancha. Upepo wa kompresa ukiingia kwenye kile kitundu gripu inavimba kidogo inateleza yenyewe, husubiri kukauka. Ila siku moja jamaa aliachia upepo kama anajaza tairi la Fuso, gripu ikachomoka ikatua kwenye karai la mihogo ya mama wa jirani. Nililipa mihogo yote.

Mpwa Mtiifu: Gripu si kitu nyie, ngojeni niwape ya shafti. Niliazima draiva (fimbo ya kupigia mbali) ya mjomba bila yeye kujua, nikaifungia buti la gari, kaa! shafti ikapasuka. Ilikuwa Alhamisi na Jumamosi ana mashindano. Nikapata shafti ya mtumba kwa kedi (mbeba fimbo) mmoja, ncha inchi 0.335 kama ile ile, nikajiona fundi. Kichwa nikakipasha kwenye jiko la gesi, badala ya kuivuta moja kwa moja mi nikawa nazungusha na taulo, shafti yenyewe ya grafaiti (nyuzi za kaboni), ikachanika nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa, jikoni kunanuka plastiki mpaka mke wangu akatoa watoto nje. Kipande kilichobaki ndani nikakitoboa na drili ya jirani. Sasa gundi ya epoksi imeandikwa isubiri saa 24, mimi nimebandika Ijumaa saa 5 usiku, na ile ncha sikuisugua msasa hata kidogo. Asubuhi mjomba yuko tii ya kwanza, pale pa kuanzia, watu kibao wamenyamaza, anapiga... mpira ukaenda hatua kama 40 hivi, kichwa kikaupita.

Bogi Kila Shimo: 😂😂😂 kikaupita

Aini Nane: Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Kedi Mstaafu: Grafaiti haizungushwi! Moto mdogo wa hiti gani (mashine ya kupuliza hewa ya moto), unavuta imenyooka. Chuma ndiyo unaweza kuzungusha. Na wa aini mpime ncha ya shafti kwanza, kuna inchi 0.370 na kuna 0.355 zilizochongoka, ukinunua nene haiingii.

Aini Nane: Tuachane na vipimo, mjomba alisemaje?

Mpwa Mtiifu: Hakusema kitu. Alibaki ameshika ule mti kama mchungaji aliyepotelewa na mbuzi. Mpaka leo kwenye sherehe ananitambulisha "huyu ni fundi wetu".

Mzee wa Pata: Hapo hata petroli isingesaidia.

Bogi Kila Shimo: Wakuu duka la rangi limefungwa. Kwenye jenereta kuna petroli kidogo...

Kedi Mstaafu: USITHUBUTU.

Mzee wa Pata: Toka nje tu, na usivute sigara.