Tupeane uzoefu: umewahi kushuka mto kwa mtumbwi na kulala huko huko?

Mwana wa Kibiti

Wakuu salaam. Kila nikifungua simu naona watu wamejipiga picha Mikumi, Zanzibar, Kilimanjaro. Mto hautajwi, labda mtu awe anavuka daraja. Sisi tuliozaliwa jirani na Rufiji mtumbwi tunaujua wa kuvukia shambani na wa kutegea nyavu. Ila kuna ile safari ya kushuka na maji mchana kutwa, jioni mnavuta mtumbwi mchangani, mnapika, mnalala, asubuhi mnaendelea. Hiyo ndiyo nataka tusimuliane. Waliofanya kwa starehe na waliofanya kwa kazi wote karibuni.

Naanza mimi. Tulitoka Mloka kushuka kuelekea Utete, mwezi wa tisa, mimi, binamu yangu na mvuvi mmoja mtu mzima tuliyemkodi yeye na mtumbwi wake. Mloka iko nje ya geti la Hifadhi ya Nyerere. Ukitaka kulala upande wa hifadhini ni habari ya vibali na malipo, sisi tukaufuata mto chini ya pale. Maji ya Rufiji hapo ni mapana, yana rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila kelele kabisa.

Mzee alikaa tezini, yaani nyuma, na kafi, binamu omoni, yaani mbele, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Kila tukikaribia kona mzee anagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, ko, ko, ko. Anasema kiboko hatari ni yule uliyemshtukiza. Akikusikia mapema ataibua masikio, utajua alipo. Na muda wote tulipita kwenye kina kifupi karibu na mchanga, maana mchana wao wanapenda vilindi.

Sasa kilichonifundisha zaidi ni jinsi alivyochagua pa kulala. Saa tisa alasiri, jua bado kali, akaanza kuangalia kingo. Mimi nikaona fungu zuri la mchanga, mweupe, safi. Akatikisa kichwa: nyuma yake kulikuwa na mfereji umeshuka kutoka kwenye majani hadi majini, umesagika kwa kukanyagwa. Hayo ni mapito ya viboko, wanatoka usiku kwenda malishoni na wanarudi kwa njia hiyo hiyo. Ukilala hapo umelala barabarani. Fungu la pili mchanga ulikuwa na alama pana ya tumbo na kucha pembeni, mamba ametoka kuota jua. La tatu lilikuwa chini mno. Tulishuka kama saa moja hivi ndipo akakubali.

Kabla hata ya kuwasha moto alichomeka kijiti ukingoni, maji yanapoishia, akakitia alama kwa kisu. Tangu bwawa la Nyerere lilipoanza kujazwa Desemba 2022, mto wa huku chini haufuati mvua peke yake, unafuata na kinachoachiwa kule juu. Usiku nilimsikia akiamka, anamulika kijiti, anarudi kulala. Chakula kilikuwa ugali na perege wa kuchoma, ndimu, chumvi. Sijawahi kulala usingizi mzito namna ile, na sijui kwa nini, maana kwa akili ya kawaida nilipaswa kukesha.

Haya, zamu yenu.

Pondo la Mjomba

Mkuu umenikumbusha mbali. Mama yangu ni Mndamba, na Wandamba na mto Kilombero huwatenganishi. Kiangazi mto unarudi kwenye mkondo wake, masika bonde linageuka ziwa, huoni ng'ambo. Mjomba wangu alikuwa anapeleka unga na chumvi kwenye kambi za wavuvi juu ya Ifakara na kurudi na samaki wakavu. Nikiwa likizo ananichukua. Yeye anasimama wima nyuma, anasukuma kwa pondo, mtumbwi unateleza katikati ya matete husikii chochote isipokuwa matone yanayodondoka pondo linapoinuka.

Kambini tulilala vibanda vya matete. Nje kuna chanja, chini yake moto wa kuni mbichi usiowaka sana, juu wamepangwa kambale waliokunjwa duara, mkia umeingizwa mdomoni ili wasivunjike wakikauka. Moshi unakuingia hadi kwenye shuka. Ukirudi shule wiki nzima unanuka kambale na wenzako wanakuhama dawati.

Mbu sasa! Saa kumi na mbili jioni uwe umeshakula, chandarua kimefungwa kwenye fito nne na pindo zake zimekunjwa chini ya mkeka. Saa moja ni kuchelewa. Si bure watafiti wa mbu walipiga kambi Ifakara miaka yote hii. Asubuhi ndiyo malipo: ukungu ukipanda unawakuta sheshe, wale swala wa bondeni, wamesimama kwenye majani mafupi ng'ambo, wanakutazama tu.

Ila kuna watu wanadhani moto unamfukuza kiboko. Mjomba alikuwa anacheka akisikia hivyo. Yeye alihamisha mkeka, hakuongeza kuni.

Mwana wa Kibiti

Hapo kwenye moto huku kwetu tunabishana. Wazee wengi wa Rufiji hawalali bila moto.

Pondo la Mjomba

Moto uwepo, wa kuota na wa fisi. Nasema tu usiutegemee ukalala njiani kwa mwenyewe.

Dereva wa Fuso

Mimi kabla ya daraja la Kilombero nimelala sana kwenye foleni ya kivuko, mto upo hapo mbele, mbu wapo, viboko nawasikia. Na mimi nihesabiwe?

Pondo la Mjomba

Huhesabiwi, hukuwa na kafi 😂

Binti wa Ozi

Hamjambo wenzetu wa Bongo. Kenya pia tuko. Ozi ni kijiji kando ya Tana, karibu mto unapoingia baharini Kipini. Kwetu mtumbwi si matembezi. Ndio matatu.

Mto wetu pale chini una jambo moja ambalo huwachanganya wageni: unakwenda pande mbili. Bahari ikijaa, maji ya mto husukumwa kurudi juu, na wakulima wa Kipokomo huyategea hayo hayo maji baridi, yasiyo na chumvi, yaliyoinuliwa na bahari yaingie kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hivyo safari haipangwi kwa saa ya ukutani. Nyanya yangu akisema "twende maji yakijaa", hata iwe usiku wa manane utaamshwa. Mwaka mmoja twapanda juu naye kulinda mpunga, mimi, yeye na ndugu yangu mdogo, maji yatusukuma hadi karibu na shamba, kafi ya kuelekezea tu. Maji yalipoanza kugeuka tukafunga mtumbwi kwenye mti, tukalala papo hapo shambani.

Kulala nako ni kulala gani. Kazi ni kupiga madebe. Viboko wakipanda kula mpunga wasikia kwanza majani yakikatwa, krrap, krrap, kwa mpango kabisa, kama watu wavunao. Nyanya apiga debe, shamba la jirani wajibu na debe lao, na la mbele, hadi mto mzima walia. Kisha kimya. Halafu waanza tena. Ndugu yangu alilala fofofo katikati ya hayo yote.

Maji ya kunywa twachota kwa kibuyu kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Hushuki ukingoni kuinama, na mahali ulipochota jana leo huchoti. Mamba wa Tana ana subira kuliko wewe.

MamaTheluji

Niko Ontario, Kanada, nimeolewa na mtu wa Tanga. Huku kulala mtoni na mtumbwi ni starehe ya watu wazima wenye akili zao, wanalipia na wanaweka nafasi miezi kabla. Tulikwenda hifadhi ya Algonquin, kwenye mto Nipissing, mto mwembamba unaojipinda pinda kwenye majani hadi unahisi unarudi ulikotoka. Kila kundi lina nafasi yake ya kulala, ina alama mtini na mahali pa moto, na huruhusiwi kuingia ndani huko na makopo wala chupa za kioo.

Mtumbwi ni mwepesi, mtu mmoja anauinua. Na ni lazima uwe mwepesi, kwa sababu mto ukifika kwenye mawe au ukiisha, mnaubeba nchi kavu hadi maji mengine. Mume wangu aliuweka kichwa chini mabegani, anatembea msituni haoni mbele, inzi weusi wanamuuma shingoni na mikono yote imeshika mtumbwi. Ilikuwa Juni, ndio msimu wao. Maneno aliyoyasema sitayaandika.

Usiku chakula chote, hadi dawa ya meno, unakifunga kwenye mfuko na kukining'iniza juu ya tawi mbali na hema kwa ajili ya dubu. Tumelala, kukapiga ndege mmoja wa majini, sauti ya mtu anayecheka na kulia kwa pamoja. Mume wangu akakaa kitako. "Mama nanihii, tumekimbia mto wa mamba tuje kulala na dubu, na tumelipia?" Mwaka uliofuata ndiye aliyeweka nafasi.

Kijana wa Salale

Wengi mmesimulia mto wa juu. Sisi wa delta ya Rufiji hatuna mchanga, tuna tope na mikoko. Kulala kwetu kunaitwa dago, yaani kambi ya wavuvi, na dago halipigwi popote. Unaangalia magome ya mikoko: tope limepaka hadi wapi, na takataka za maji zimekwama kimo gani. Hapo ndipo bahari inapofika. Halafu unauliza mwezi una siku ngapi. Maji mafu, bahari isipojaa sana, unaweza kulala chini ya alama hiyo na usilowe. Bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, ukilala hapo hapo, saa nane usiku sufuria zinaelea.

Mtumbwi nao ufungwe kwa kamba ndefu maji yakiwa yamejaa. Kamba fupi, maji yakipwa unaning'inia upande au unapinduka. Na asubuhi ukiukuta umekaa kwenye tope usihangaike kuusukuma, utazama hadi kiunoni. Pika uji, subiri.

Mbu wa delta nawavumilia. Usubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, siwezi. Wanapita kwenye matundu ya chandarua bila kuomba ruhusa. Tunajipaka mafuta ya nazi mengi, wananata.

Usiku wa dago ndipo utasikia habari. Wazee wetu wanasimulia walivyokata boriti za mkandaa, aina ya mkoko, zikapakiwa majahazini kwenda Arabuni, enzi hizo watu walikuwa wanaishi dago miezi. Mmoja alituonyesha upande ilikozama manowari ya Wajerumani, Königsberg, mwaka 1915. Akasimulia kana kwamba alikuwepo. Hakuna aliyembishia, ndiye aliyekuwa na kahawa.

Dereva wa Fuso

Mwana wa Kibiti, huyo mzee mlimlipa shilingi ngapi? Tuwe wakweli, hapa ndipo tunapokwama.

Mwana wa Kibiti

Ni maelewano, na inategemea anarudije. Kushuka ni rahisi, kupanda na mtumbwi dhidi ya maji ni kazi ya siku kadhaa, hilo nalo unalipia. Sisi tulimlipa siku za kwenda na za kurudi, chakula juu yetu. Na jaketi za kujiokolea mje nazo wenyewe, mitumbwi mingi haina.

Dereva wa Fuso

Nina likizo mwezi wa kumi. Turubai ninalo la kufunikia mzigo, zito kweli.

Mwana wa Kibiti

Turubai acha, litatuzamisha. Njoo na kopo zuri la kufulia maji, mtumbwi ule unavuja upande wa kushoto na anayekaa katikati ndiye mwenye kazi hiyo.