Naomba ushauri: niwaonyesheje wanafunzi kwamba graniti nayo huoza?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia sekondari hapa Mwanza, na nimekwama kwenye mada ya miamba kuvunjwa na kemia.

Mawe ya chokaa hayakunisumbua. Nilikuwa na kipande cha jiwe la matumbawe kutoka Tanga, nikakidondoshea siki, kikatoa mapovu darasa zima likaona. Ikawa rahisi kueleza kwamba maji ya mvua hubeba kabonidayoksaidi, yakawa asidi hafifu, na kwa miaka mingi mno asidi hiyo ikayeyusha mawe hadi tukapata mapango ya Amboni huko Tanga.

Shida ni graniti, mawe yenyewe tunayojengea nyumba juu yake. Niliidondoshea siki, kimya. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, basi hili haliliki." Nikamweleza kwamba maji hugeuza madini ya feldspa yaliyomo kuwa udongo wa mfinyanzi, madini ya kwazi yanabaki kama mchanga, na madini yenye chuma hushika kutu, ndiyo maana udongo unakuwa mwekundu. Akanyamaza, ila najua hakuridhika. Ana haki, hajaona kwa macho.

Nafikiria kuwapeleka penye mlima uliokatwa kupitisha barabara, walinganishe jiwe zima na lile lililooza linalomeguka mkononi. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Na je, lipo jaribio la wiki chache lisilohitaji maabara? Asidi kali sitaki kabisa kuwapa watoto.