Anayelala Nairobi, kura ya MCA huku Shinyalu, Kakamega, inamhusu nini?

Mkulima wa Shinyalu
Wenzangu, uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 hauko mbali, na tayari nasikia watu wanapanga magari ya kuleta wapiga kura nyumbani kutoka Nairobi na Nakuru. Kura ya rais sina neno nayo, rais ni wa kila mtu. Mimi nauliza ya MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Mvua ikibeba daraja, mimi ndiye ninayevuka pale na mtungi wa maziwa. Zahanati ikikosa dawa, mke wangu ndiye anayerudi mikono mitupu. Hawa wageni wetu hufika jioni ya kuamkia uchaguzi, wanauliza nani anagombea, asubuhi wanapiga kura, mchana wako Chavakali wanatafuta gari la kurudi. Sisi tunabaki na mtu waliyemchagua miaka mitano. Naona kura ya wadi iwe ya wanaoishi wadini. Semeni.

Dereva wa Nakuru
Mzee, mimi ni mmoja wa hao wageni. Nakaa Nakuru kwa sababu ya kazi. Karo ya watoto wa ndugu zangu hapo kijijini hutoka wapi? Kukiwa na matanga, nani hupigiwa simu wa kwanza? Kama kura yangu haitakikani, toeni na namba yangu kwenye kikundi cha michango. Na siku nikifa sitazikwa Nakuru. Nitaletwa huko huko Shinyalu, na wewe utakuja kula.

Binti wa Luanda
Kisheria hapa hakuna mjadala. Katiba, Kifungu cha 83: uwe raia mtu mzima, uwe na akili timamu, na usiwe umepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Ujiandikishe kituo kimoja tu. Haikuuliza unalala wapi. Hata anayegombea u-MCA, Kifungu cha 193 kinataka awe mpiga kura aliyesajiliwa, hakisemi awe amesajiliwa katika wadi hiyo. Kwa hiyo mnataka mpiga kura abanwe kuliko anayechaguliwa? Aliyehama na anataka kura yake imfuate, aombe kuhamishwa mapema, siku 90 kabla ya uchaguzi.
Na tuambiane ukweli, kinachotuharibia vijijini si watu wa Nairobi. Ni hawa wazee wasiojua kusoma, wanaopewa kipande cha sabuni na mia mbili halafu wanasaidiwa kupiga kura.

Mama wa Mbale
Binti, hapo kwa sabuni rudi kidogo. Mama yangu hakupelekwa shule kwa sababu ndugu zake wa kiume ndio waliopelekwa. Amepiga kura tangu uhuru. Anajua MCA yupi alileta maji na yupi alichimba shimo akapiga picha. Wewe uliyesoma ndiye unayepiga kura kwa kufuata wimbi la chama, unaweka alama ya rangi moja juu hadi chini, karatasi zote sita, ya rais hadi ya MCA. Usimguse mama yangu.

Binti wa Luanda
Mama, sikumtaja mama yako.

Mama wa Mbale
Ulisema wazee wasiojua kusoma. Ni nani mwingine?

Mwalimu Mstaafu
Nimewahi kusimamia kituo cha kupigia kura, niwaeleze utaratibu ulivyo. Asiyeweza kuweka alama mwenyewe, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anakuja na mtu anayemwamini. Huyo mtu asiwe mgombea wala wakala wa mgombea, anaapa kutunza siri, na anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Asiyekuja na mtu, msimamizi wa kituo ndiye anayemwekea alama, mawakala wakishuhudia. Na hapo ndipo panapoharibika, kwa maana jina la mgombea linatajwa kwa sauti na mawakala wote wamesikia.
Ninyi mnamlaumu mkongwe. Niliowaona mimi ni vijana wenye simu kubwa, wanaojibizana na watu mtandaoni usiku kucha, wakifika mezani wanasema hawajui kusoma. Walishalipwa, na aliyewalipa anataka wakala wake asikie amenunua nini. Bibi kizee aliyeletwa na mjukuu wake hana shida na mtu. Hongo ni faini isiyozidi milioni 2 au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili, na anayepokea ana kosa sawa na anayetoa.

Dereva wa Nakuru
Asante mwalimu. Kumbe wanaouza kura ni hao hao wanaoishi wadini. Mkulima umesikia? Mimi nakuja kwa nauli yangu, sijapokea hata soda.

Mkulima wa Shinyalu
Unajuaje aliyelipa gari mlilokuja nalo ni nani? Gari zima, watu wote wanashuka kituo kimoja, na hakuna aliyelipa mtu?

Dereva wa Nakuru
Mimi NI dereva. Gari lilikuwa langu.

Kijana wa Lugari
Dawa ya haya yote ni kurudisha mlolongo. Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake mchana kweupe, tuhesabiane vichwa, twende nyumbani. Hakuna kusaidiwa, hakuna mashine za kutambua wapiga kura, hakuna fomu 34A ya matokeo ya rais. Tutaona ni nani ameuzwa.

Mzee wa Khwisero
Kijana, ulizaliwa mwaka gani? Mimi nilisimama kwenye mlolongo 1988, uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala wakati huo. Tulipanga foleni nyuma ya picha ya mtu wetu, foleni ikazunguka uwanja wa shule. Ya mwenzake ilikuwa ya watu wa kuhesabu kwa macho. Jioni ikatangazwa kwamba foleni fupi imeshinda. Ungekwenda wapi? Karatasi ya kuhesabu upya haikuwepo, watu walishatawanyika. Na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa, uchaguzi wenyewe ukaisha hapo hapo. Chifu alisimama pembeni anaangalia nani yuko foleni ipi. Waliosimama vibaya walijulikana hadi wakati wa kugawa mahindi ya msaada. Usiseme tena neno hilo mbele ya watu wa rika langu.

Kijana wa Lugari
Pole mzee, lakini hizi mashine zimetusaidia nini? 2022 hapa Kakamega zilikataa, tukasubiri, mwishowe tukatumia daftari. Karatasi za gavana zikaja na sura za watu tusiowajua, kura ikaahirishwa wiki moja.

Binti wa Luanda
Si wiki moja. Kura kuu ilikuwa 9 Agosti, ya gavana ikapangwa 23, ikasogezwa tena hadi 29 Agosti. Picha na majina kwenye karatasi hayakuwa sahihi, Kakamega na Mombasa. Na daftari unalolisema ni sajili iliyochapishwa, IEBC, tume ya uchaguzi, iliruhusu itumike pale vifaa vilipogoma.

Dereva wa Nakuru
Hata huku Nakuru ninakokaa, Rongai walimpigia mbunge kura siku hiyo hiyo ya 29.

Mkulima wa Shinyalu
Ngojeni. Hiyo 29 ndiyo nilikuwa naitafuta. Wenye magari walikuwa wamerudi Nairobi zamani. Kituo changu foleni ilikuwa fupi, saa nne nilikuwa shambani. Gavana huyo tulimchagua sisi tuliobaki hapa, na mbingu haikuanguka. Kwa hiyo inawezekana.

Dereva wa Nakuru
Sikubali kabisa. Nilisafiri tarehe 8 usiku, nikapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikapewa karatasi tano badala ya sita kwa kosa la watu waliochapa. Nauli na ruhusa ya kazi mara ya pili ningetoa wapi? Nilinyang'anywa kura yangu, leo wewe unanionyesha ile siku kama mfano mzuri. Hospitali za kaunti ziko chini ya gavana. Mama yangu anatibiwa huko.

Mama wa Mbale
Hapo dereva amesema. Kosa la karatasi halikuwa lake. Na wengi wa nyumbani Kakamega pia hawakurudi siku hiyo, mama yangu akiwemo. Kituo kiko juu ya kilima, mara ya kwanza tulimbeba kwa bodaboda, mara ya pili alikataa, alisema magoti hayawezi. Mkulima, foleni haikuwa fupi kwa sababu ya kukosekana watu wa Nairobi peke yake.

Mkulima wa Shinyalu
Mama, nimekusikia, na kituo kisogezwe, hilo naliunga mkono. Lakini Dereva, hujanijibu. Mama yako anapougua usiku, nani humpeleka hospitali?

Dereva wa Nakuru
Ndugu yangu humpeleka. Kwa pikipiki niliyoinunua mimi.