Pug wangu amenenepa na anahema sana: nimlishe nini, na kwa kiasi gani?

Mama wa Shangani, Mtwara

Habari za jioni, ndugu wafugaji. Ninaye mbwa dume aina ya Pug, mwenye umri wa miaka minne, ambaye niliachiwa mwaka jana na jirani aliyehamishwa kikazi. Alipokuja kwangu alikuwa na kilo nane na ushei. Wiki iliyopita nilimpandisha kwenye mizani ya muuza choroko, akaonekana ana kilo 10.4.

Asubuhi anakula ugali kwa dagaa pamoja na mchuzi uliobaki usiku. Jioni anakula chakula kikavu cha pakiti ambacho ninaagiza kutoka Dar es Salaam, na kikipungua ninakichanganya na wali. Katikati ya siku wajukuu humtupia korosho, na sitaki kudanganya, hata mimi humpa. Anakula kwa pupa, anakoroma huku akila, na mara mbili au tatu kwa wiki hucheua chakula kikiwa kizima kizima muda mfupi tu baada ya kula. Tangu joto la Novemba lianze, anahema hata akiwa amejilaza sakafuni. Naomba kujua apewe kiasi gani kwa siku, na kama vyakula vyetu vya huku vinaweza kumtosha pakiti inapokosekana.

Daktari wa mifugo, Masasi

Shikamoo mama. Naomba tuanze na uzito kabla ya kuzungumzia aina ya chakula, kwa sababu kwa mbwa wa uso bapa uzito na pumzi ni jambo moja. Pug mzima kwa kawaida huwa na kilo 6 hadi 8. Mifupa ya uso wake ni mifupi, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho hicho, hivyo kaakaa laini huning'inia mpaka kooni na matundu ya pua huwa membamba. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, bali hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa nzito kwa unyevu kama ya huko Mtwara Mjini, kuhema kwenyewe hakumpozi sawasawa. Mafuta yakijazana shingoni na kifuani, njia ambayo tayari ilikuwa finyu inazidi kubanwa.

Kiasi cha chakula hukadiriwa kwa uzito tunaoutaka, si ule alionao sasa. Kwa kilo 8, nishati ya mwili ukiwa umepumzika ni takribani kilokalori 333 kwa siku, na hicho ndicho kiwango ninachopendekeza kwa mbwa anayepunguzwa. Akishafikia uzito wake, kiasi hicho huongezwa, mara nyingi kati ya mara 1.2 na 1.6, kulingana na anavyotembea na kama amehasiwa. Soma kwenye pakiti yako: vyakula vikavu vingi vina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100. Cha 350, basi, kitakuwa gramu 85 hivi kwa siku nzima, zikigawanywa katika milo miwili au mitatu, na sehemu moja ya kumi ya nishati ikibaki kwa ajili ya vitafunio. Tumia mizani ya jikoni, kwa maana kikombe hudanganya. Apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 100 au 200. Ukienda kwa mwendo wa chini, kazi hii itachukua karibu miezi sita, na asilazwe na njaa ili kuiharakisha.

Korosho haina sumu kwa mbwa, lakini gramu 100 zina kilokalori 550 hivi. Kumi tu, zile za kawaida, zinakaribia robo ya chakula chake cha siku, tena mafuta mengi kwa mkupuo mmoja yanaweza kuamsha uvimbe wa kongosho.

Kilichonitia hofu zaidi ni mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na kuvipika hakuondoi madhara. Dalili zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa: ufizi hupauka, mkojo huwa wa kahawia, mnyama hulegea. Mchuzi uachwe kabisa, hata ule unaoonekana hauna vipande, kwa sababu kitunguu kimeshayeyukia humo.

Mkazi wa Mtanda, Lindi

Dada, mimi ninafuga Shih Tzu, naye alikuwa akicheua vivyo hivyo. Bakuli refu halimfai mbwa asiye na mdomo wa kuchomoza, kwani hulazimika kuzamisha uso mzima na kumeza hewa pamoja na chakula. Nilimhamishia kwenye sinia bapa la bati na kumtandazia chakula ili asiweze kukizoa kwa mkupuo. Chakula kikavu ninakilowesha kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Anakula alfajiri na baada ya magharibi, jua likiwa limepoa, na simruhusu kukimbia mpaka ipite saa nzima tangu ale. Akimaliza, ninamfuta makunyanzi ya uso kwa kitambaa chenye unyevu kisha kikavu, maana mabaki yakibaki humo hunuka na kuchubua ngozi.

Kuhusu vyakula vya huku, samaki hapa Lindi ni rahisi kuliko nyama. Ninachemsha bila chumvi, ninatoa miba yote, ninachanganya na wali, boga na mchicha kidogo. Ng'onda simpi, kwa kuwa ile chumvi haitoki hata ukiloweka usiku kucha. Ni mwaka wa pili huu sijanunua pakiti.

Daktari wa mifugo, Masasi

Ya sinia nayaunga mkono yote. La mwaka wa pili bila pakiti, ndugu yangu wa Mtanda, hapo tutofautiane kidogo. Samaki aliyetolewa miba pamoja na wali ni chakula safi, lakini karibu hakina kalsiamu, na mwili unaoikosa huichota mifupani. Ganda moja la yai lililokaushwa na kusagwa kuwa unga laini lina kalsiamu ya gramu 2 hivi. Mbwa wa ukubwa huu huhitaji karibu nusu gramu kwa siku, yaani robo ya ganda. Hata hivyo, zinki, iodini na vitamini E zinaweza kubaki pungufu. Mlo huo utamvusha mbwa wa mama wiki mbili tatu akisubiri mzigo, lakini usiwe wa miaka bila kupangwa na mtu mwenye ujuzi wa lishe ya wanyama.

Kuna jambo jingine la unga. Tuna tabia ya kutenga mahindi au karanga zilizoota ukungu tukisema "hizi za mbwa". Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, nayo huharibu ini. Unga usioliwa na watoto usiliwe na mbwa.

Na mama, iwapo kucheua kutaendelea wiki mbili baada ya kubadilisha sahani, apimwe, kwa sababu kwa mbwa wa uso bapa sehemu ya juu ya tumbo wakati mwingine hupanda kifuani, na sinia haliwezi kutibu hilo.

Mama wa Shangani, Mtwara

Marahaba, daktari, na asante dada wa Lindi. Wajukuu nimewaita na kuwakataza. Limebaki moja: uani kuna mkorosho, na mabibo yanaanguka. Huyu huyafuata.

Daktari wa mifugo, Masasi

Kipande cha bibo bichi hakina neno, ila kina sukari. Yaliyolala chini mpaka yakachacha yana kilevi, hayo yaokotwe kabla yake. Na asitafune korosho yenye ganda, kwani mafuta ya ganda hubabua mdomo. Wabanguaji wote wanalijua hilo kwa vidole vyao.

Mama wa Shangani, Mtwara

Nimezungushia mkorosho wavu. Sinia nimelipata sokoni leo, amekula kwa dakika saba badala ya moja. Jumamosi tunarudi kwa muuza choroko.